Jina la Aliye Hai

Kikopo cha ugoro nilikiweka mimi. Nilikifunga ndani ya soksi ya mtoto, nikaisukuma soksi hadi chini kabisa ya mfuko wa nepi, chini ya maziwa ya unga na kigauni cha manjano ambacho Bilha alikuwa amekipiga pasi mara tatu. Sikuiba kitu. Nilikuwa naweka, na anayeweka hana kosa. Ndivyo nilivyojiambia, na kwa siku tisa nilijiamini.

Ilikuwa Aprili 2003, Germantown, Maryland, nyumbani kwa kaka yangu Kiplagat. Nyumba ilikuwa moja ya zile mpya zilizobanana ukuta kwa ukuta, ambazo ukirudi umechoka unaweza kujaribu ufunguo wako kwenye mlango wa jirani. Mimi nilikaa chumba cha chini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nilibeba vifurushi ghalani zamu ya mchana, na niliamini kwamba kati ya Wanandi wote walioko kati ya Baltimore na Woodbridge hakuna aliyeshika mila zetu kunishinda. Nilizishika kwa maneno tu. Sikuwahi kusimamia hata moja.

Kiplagat alinitangulia Marekani kwa miaka kumi na mitano. Aliletwa na miguu yake, kwa ufadhili wa wanariadha, akakimbilia chuo, goti likamkataa, akabaki na digrii na uraia. Mkewe Bilha ni muuguzi. Mimba nne zilikuwa zimemtoka. Baada ya ile ya nne alikaa karibu mwezi mzima bila kusema na mtu, halafu siku moja akarudi na kabrasha la shirika la kuasili watoto, akaliweka mezani kati ya sahani, akasema, "Kuna watoto China."

Ilichukua miaka miwili na nusu. Alama za vidole, barua ya mchungaji, vipimo vya damu. Mwanamke wa shirika, Cheryl, alikuja kukagua nyumba hadi chumbani kwangu, akaniuliza kama navuta sigara. Nikamwambia sivuti. Ilikuwa kweli. Ugoro hakuuliza.

Mwezi Februari picha ikaja, Bilha akaibandika kwenye friji. Mtoto wa kike, miezi tisa, nywele zimesimama wima. Hatazami kamera. Anatazama kando, kama anayetazama mlango ambao mtu ameutokea sasa hivi. Karatasi ilisema jina la kituo ni Fu Yulan, na kwamba aliokotwa kwenye geti la kiwanda cha viatu saa kumi na mbili jioni, akiwa na siku moja au mbili.

Bilha alikuwa akipita hapo anaigusa picha kwa kidole kimoja. Asubuhi akienda kazini, jioni akirudi. Friji ile ilikuwa na alama ya kidole ambayo hakuna aliyethubutu kuifuta.

Kisha ugonjwa mpya wa mapafu ukaanza. Ulianzia mkoa uleule wa mtoto. Kwanza ulikuwa habari fupi kwenye redio, halafu Bilha akaleta nyumbani karatasi waliyogawiwa wauguzi, halafu televisheni ikawa haionyeshi kingine ila watu wenye barakoa wakishuka kwenye ndege. Cheryl akapiga simu. Alisema hawalazimishi mtu kwenda. Alisema pia kwamba hakuna anayejua mlango utabaki wazi hadi lini.

"Anamaanisha nini, mlango?" Kiplagat aliuliza.

"Anamaanisha tukingoja tunaweza kumkosa," Bilha alisema. "Sitakubali kumkosa huyu. Nimekosa wanne."



Bilha aliandika kanuni zake kwenye karatasi, akaibandika karibu na picha. Mikono kuoshwa kila saa. Hakuna sokoni, hakuna mkahawa wenye watu. Mtoto asibusiwe na mtu wa nje. Hakuna kitu puani wala mdomoni kwake kisichochemshwa. Na ya mwisho aliipigia mistari miwili: joto la mtoto lipimwe asubuhi na jioni, kwa sababu huko Guangzhou, mji wanakokwenda kumchukua, kila mlango sasa una mtu ameshika kipimajoto, na mtoto mwenye joto hapewi viza wala hapandi ndege.

Nilizisoma kanuni zile nikinywa chai. Ile ya pua niliisoma mara mbili.

Lazima nieleze kuhusu pua. Kwetu, mtoto akizaliwa, wanawake wa ukoo hukaa naye na kuita majina ya wafu wa nyumba ile, mmoja baada ya mwingine, huku mtoto akinusishwa ugoro kidogo. Jina litakalotajwa akapiga chafya, huyo ndiye aliyerudi, na jina hilo ndilo lake. Tunaliita kurenet. Mtoto asiyeitwa hivyo anaweza kulishwa, kusomeshwa na kuozwa, lakini kwa wazee wetu ni kama mgeni ambaye hakuna aliyemfungulia.

Mama yetu, aliyeko Kapsabet, alikuwa amesema neno moja tu tangu aambiwe habari za China. "Mleteni. Lakini nitamwita."

"Mama, sisi tumeokoka," Bilha alimjibu kwenye simu, kwa adabu. "Mtoto ataombewa kanisani. Ugoro hapana."

"Mimi pia nimeokoka, mwanangu," Mama alisema. "Pua yangu ndiyo bado."

Tulicheka wote. Baada ya wiki tatu mama mmoja wa kanisa alirudi kutoka Eldoret, akanikabidhi kikopo baada ya ibada, pale Hyattsville, kimefungwa kwa gazeti. "Mama yako anasema unajua cha kufanya," aliniambia. Nilijua. Niliona fahari kwamba amenichagua mimi.

Niliwapeleka uwanja wa ndege wa Dulles Jumapili. Bilha alipoingia msalani, nilimwambia Kiplagat kilichomo kwenye soksi.

Alitupa jicho mlango wa msalani. "Bilha akikiona ataniacha hukohuko."

"Hatakiona. Kiplagat, huyu mtoto hana hata babu mmoja duniani. Unataka umlete kwetu na makaratasi peke yake?"

"Unapenda sana kuhutubia, wewe."

"Jibu basi."

Alipandisha mfuko wa nepi begani, na niliona mkono wake ukipapasa chini ya mfuko, mahali pale.

* * *

Siku za kwanza zilikuwa njema kiasi kwamba niliona haya kwa kuogopa. Bilha alipiga simu akilia na kucheka. Mtoto ni mwepesi kama mkate. Mtoto amekula. Mtoto halii, ila hatazami mtu, anatazama mlango. Amelala kifuani mwake na bado macho hayakufunga vizuri, ameyaelekeza mlangoni.

"Anangoja nani?" niliuliza.

"Sijui, shemeji. Atatuzoea. Joto lake thelathini na sita na nusu."

Kila simu iliishia kwa joto la mtoto.

Mama naye alikuwa anabipu, nami nampigia. Siku zinakwenda, alisema. Mtoto asivuke maji hajaitwa. Nikapanga mimi. Kwa simu ya nyumbani ungeweza kuunganisha watu wawili ukiwa wa tatu, na sisi Wakenya wa huku tulikuwa tumezika, tumeozesha na tumepatanisha watu kwa njia hiyo. Nilichagua Jumanne saa moja asubuhi. Guangzhou ingekuwa saa moja jioni, na Bilha angekuwa ghorofa ya chini ya hoteli na wazazi wengine, wakijaza fomu kwa ajili ya vipimo vya kesho yake. Kapsabet ingekuwa saa nane mchana.

Nilikwangua kadi mbili za simu. Nilimpata Mama kwanza, kwenye simu ya mkononi ya mwalimu jirani yake. Nikamwunganisha Kiplagat.

"Yuko magotini kwangu," Kiplagat alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Tufanye haraka."

"Nisikilizeni," Mama alisema. "Nikianza, asiwepo wa kutaja jina la mtu aliye hai. La mtu yeyote. Hadi mtoto apige chafya. Mmesikia?"

"Tumesikia, Mama."

"Mpe kidogo. Kidoleni."

Nilisimama jikoni na simu sikioni. Jua la asubuhi lilikuwa limeifikia friji na picha. Nikasikia Mama akivuta pumzi, kisha akaanza, na sauti yake haikuwa ile ya simu za kila wiki. Ilikuwa pana.

"Tapsubei."

Laini ilikuwa inavuma.

"Tapkigen. Taprandich. Arap Sitienei, wewe uliyepotelea vitani."

Kimya.

Aliwaita wote. Wengine nilikuwa siwajui, na mimi niliyejisifu niliona haya peke yangu pale jikoni. Aliita upande wa babu, akaita upande wa bibi, akaita mtoto wa shangazi aliyekufa kabla ya kuota meno. Kila jina lilikwenda hadi China na kurudi mikono mitupu.

"Anafanya nini?" Mama aliuliza.

"Ametulia," Kiplagat alisema. "Anatazama mlango."

"Hajanusa huyo. Ngoja, nitarudia."

Akarudia. Sauti yake ilianza kupwaya. Na mimi, ndani yangu, kitu kikawa kinapanda. Niliona haya kwa ajili ya wafu wetu, kwamba wanaitwa na hawaji. Niliona akilini mkono wa kaka yangu ukiogopa kikopo, ukigusisha ugoro kama anayegusa pasi ya moto. Niliona Bilha anapanda ngazi. Niliona yote yakiharibika kwa ajili ya ubahili wa kidole kimoja, na nikapaza sauti.

"Kiplagat, ongeza."

Mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, safi. Ilinifikia kama mtu amepasua njugu karibu na sikio langu.

Kisha Mama: "Nani ameita?"

"Mimi, Mama. Nilikuwa namwambia aongeze."

"Umemwita nani?"

Nilitazama picha kwenye friji.

"Nimekuuliza, umemwita nani?"

Upande wa Kiplagat nilisikia chafya ya pili, na ya tatu, na mtoto akaanza kulia, yeye ambaye halii.

"Mama, haikuwa kwa..."

"Usilitaje tena," Mama alisema, na upande wake ukakatika. Kama ni kadi iliyoisha au ni yeye, hadi leo hajaniambia.

Kiplagat alicheka kidogo. "Basi ndiyo hivyo. Amemjua baba yake."

"Tutarudia kesho," nilisema.

"Dunstan, anapiga chafya sana. Wacha nimpanguse. Bilha anakuja."

* * *

Asubuhi iliyofuata aliyepiga ni Bilha. Hakunisalimu.

"Shemeji, nina swali moja na sitaki hotuba. Kikopo ni chako?"

"Ni cha Mama. Nilikiweka mimi."

Nilimsikia akipumua kwa pua, taratibu, kama ninavyomjua akihesabu mapigo ya moyo ya mtu.

Aliniambia yaliyotokea. Mtoto alipiga chafya usiku kucha, macho yamevimba, kamasi hazikatiki, na kwa kulia kule joto likapanda. Asubuhi walipanda basi la kwenda kwenye vipimo vya viza. Kwenye mlango wa zahanati mtu mwenye miwani ya plastiki alimwelekezea mtoto kipimajoto. Thelathini na nane nukta mbili. Foleni yote ilirudi nyuma, wazazi wenzao ambao jana walikuwa wakibadilishana nepi. Walikuja watu waliofunikwa mwili mzima. Walisema mtoto anakwenda wadi ya kutengwa, na mzazi mmoja anaweza kwenda naye, ila akiingia hatoki hadi waseme.

"Niliposema naingia mimi, mimi ndiye muuguzi, Kiplagat alikuwa ameshamchukua mikononi mwangu," Bilha alisema. "Alinipa kikopo. Akasema, Bilha, si ugonjwa, ni huu, waeleze. Kisha mlango ukafungwa."

"Uliwaeleza?"

"Niliwaonyesha. Unga wa kahawia usiojulikana, kutoka Afrika, umetiwa puani mwa mtoto. Sasa wanataka kujua ni nini. Nenda kwa Cheryl. Andika kwa Kiingereza chepesi. Wewe si unajua maneno."

Nilikwenda. Ofisi ya shirika ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia, na kuta zote zilijaa picha za watoto wa Kichina kwenye mabembea ya Maryland. Cheryl alinikalisha. Nilieleza. Nimeeleza mila zetu mbele ya watu wengi, kanisani, ghalani, kwenye sherehe, na kila mara nilikuwa nasimama. Siku hiyo nilieleza nimekaa, mikono katikati ya magoti.

"Tumbaku," Cheryl alirudia. "Mtoto wa miezi kumi na moja."

"Kidogo tu. Puani."

"Ili apige chafya."

"Ndiyo."

"Dunstan." Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningemjibu. "Mwezi huu. Mji ule."

Tuliandika barua pamoja. Ilikuwa na sentensi sita. Katika sentensi sita hizo hapakuwa na Tapsubei, wala Arap Sitienei aliyepotelea vitani, wala sauti ya Mama ilivyopanuka. Palikuwa na unga wa tumbaku, desturi ya familia, na samahani. Faksi ikaimeza barua kwa mlio mmoja mrefu.

Ilisaidia, au siku zilisaidia. Joto la mtoto lilishuka siku ya pili. Siku ya tano walimtoa, wakamkabidhi Bilha mlangoni akiwa amefungwa kwenye blanketi la hospitali. Hakuwa na ugonjwa. Hakuwahi kuwa nao.

Lakini siku ya pili ileile walikuwa wamemtenganisha na Kiplagat. Watoto upande huu, watu wazima upande ule. Kaka yangu alikuwa amewekwa chumba cha watu wanane wanaochunguzwa, vitanda vimeachana hatua mbili, na watatu kati ya wale wanane walikuwa wanakohoa tangu kabla hajaingia.

Siku ya saba joto lake lilipanda.

* * *

Safari hii Mama ndiye aliyepiga. Hakuwa amewahi kupiga Marekani kwa salio lake mwenyewe.

"Kuanzia leo yule hana jina," alisema. "Hadi arudi. Usimwite, usimwandike, ukimwombea mwite mwana wa baba yako. Jina lake liko kwa mtoto sasa. Akiitwa nalo ataitwa kama wanavyoitwa wale waliotangulia."

"Mama, ni homa. Ni vijidudu."

"Nimekataa kwamba ni vijidudu? Nimekwambia usimwite."

Nikatii. Mimi niliyemwita kaka yangu kwa jina tangu nilipojua kusema, na makofi ya baba hayakuniachisha, nilianza kuzunguka jina lile kama shimo la barabarani. Ghalani waliniuliza habari za Kiplagat, nikasema, "Yule anaendelea."

Alinipigia mara moja tu. Nesi mmoja alimshikia simu yake.

"Chakula je?" nilimuuliza.

"Uji wa mchele. Asubuhi uji, jioni uji. Ningekuwa na maziwa ya mursik hapa ningefungua hoteli." Alikohoa. Kikohozi kilikuja kutoka mbali, kikakaa. Nilingoja. "Bilha amekupigia simu?"

"Amenipigia. Yuko hotelini. Hutaki aje dirishani?"

"Nimemwambia aondoke na mtoto. Viza imetoka. Wanasema watafunga, siku yoyote. Amekataa. Wewe mwambie."

"Hawezi kunisikiliza mimi."

"Mwambie nimesema hivi: wa tano asimkose kwa ajili yangu." Akakohoa tena. "Dunstan. Nilikuwa nimemshika, siku ile. Uliposema lile jina alinigeukia. Kabla ya chafya. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu tumchukue. Nilitaka ulijue hilo."

"Nisamehe," nilisema. Nilitaka kumwita. Mdomo ulikwisha kufunguka.

"Nikusamehe nini," alisema. "Alinitazama, nakwambia."

Bilha aliondoka baada ya siku mbili.

Nilikwenda Dulles na kiti cha mtoto nilichokifunga garini mimi mwenyewe, nikakifungua, nikakifunga upya. Abiria wa ndege ile walitoka wameshika kadi za manjano zinazoeleza dalili, na watu waliokuja kuwapokea walisita kabla ya kuwakumbatia. Bilha alitoka wa mwisho. Alikuwa na barakoa. Mtoto alikuwa kifuani kwake, kigauni cha manjano, uso umegeukia nyuma, kwenye milango waliyotokea.

Nilinyoosha mikono. Bilha alipita pembeni yangu.

Tukavuka mto Potomac. Ndipo alipotoa karatasi kwenye mkoba, akainyoosha mbele ili niione bila kugeuka. Ilikuwa nakala ya fomu ya ubalozi. Walikuwa wamekubaliana mtoto ataitwa Faith. Mstari wa jina jipya ulikuwa umejazwa kwa mwandiko wa kaka yangu, herufi zake za mraba: CHELAGAT.

"Aliijaza kwenye basi," Bilha alisema. "Asubuhi ile. Aliniambia ni kwa sababu aliokotwa jioni."

Ni kweli. Anayezaliwa jua likizama kwetu ni Kiplagat akiwa mvulana, na Chelagat akiwa msichana. Ni jina moja.

"Ni kwa sababu hiyo?" aliniuliza.

Nilitazama barabara. "Ndiyo, shemeji," nilisema.

Alijifungia ghorofani na mtoto kwa siku kumi, kama karatasi za kazini kwake zilivyotaka. Niliwaachia chakula kwenye ngazi, nikagonga ukuta, nikashuka. Kila asubuhi na kila jioni nilisikia sauti yake juu ikisoma joto, kama anamsomea mtu mwingine chumbani: thelathini na sita nukta nne. Thelathini na sita nukta tano. Kutoka Guangzhou tulipata maneno machache. Amewekewa oksijeni. Amewekewa mashine. Hali haijabadilika. Cheryl alipiga kusema kwamba mlango umekaribia kufungwa, na kwamba Bilha amekuwa miongoni mwa wa mwisho kupita.

Siku ya tisa, saa moja asubuhi, simu ya jikoni ililia. Nambari ilikuwa ndefu.

Mwanamke alizungumza Kiingereza cha taratibu. Alisema anapiga kutoka hospitali. Alisema kabla ya kuendelea anahitaji nimthibitishie jina la mgonjwa.

Nilisimama. Mbele yangu picha ilikuwa bado kwenye friji, mtoto anatazama kando.

"Halo?" alisema. "Jina la mgonjwa, tafadhali. Jina lake kamili."

Nilijua nikisema nimemwita. Nilijua pia ni upuuzi, kwamba aliyeko kule ameshakuwa alivyo, na jina kutoka Germantown haliwezi kumgusa. Vyote viwili nilivijua kwa nguvu sawa, na ulimi wangu ulikaa katikati, haukwenda popote.

"Halo? Kuna mtu?"

Ngazi zililia. Bilha alikuwa ameshuka, miguu mitupu, mtoto mkononi, siku moja kabla ya siku zake kumi kuisha. Alinitazama nilivyoshika simu. Akaichukua.

"Kiplagat," alisema. "Mimi ni mke wake."

Mtoto akageuza uso. Akamtazama Bilha mdomoni, mahali jina lilipotokea, kisha akatazama mlango wa jikoni.

Bilha alisikiliza. Hakuuliza vipi, hakuuliza kwa nini. Aliuliza kile ambacho muuguzi hufundishwa kuuliza mgonjwa akikata roho.

"Saa ngapi?"

Alijaribu kushika kalamu inayoning'inia kwenye friji, lakini mkono mmoja ulikuwa na simu na mwingine una mtoto. Akajaribu tena. Ndipo aliponigeukia, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, akaninyooshea mtoto.

Nilimpokea. Alikuwa mwepesi kama mkate, kweli. Bilha aliandika saa ile kwenye karatasi ya kanuni zake, chini ya ile iliyopigiwa mistari miwili, akaiandika vizuri, na dakika, na neno *jioni* mbele yake, maana kule ilikuwa jioni.

Nilimsogeza mtoto nimgeuzie upande wa dirisha, kwenye mwanga. Alijipinda mikononi mwangu, akarudi kutazama mlango.